A Clockwork Orange (1971): pale stering anapokuwa ndiye adui

#1 Mleta mada

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu ni mrefu, mwenye haraka auhifadhi asome wikiendi. Natahadharisha mapema kwamba nitasimulia filamu yote hadi mwisho, na ndani yake kuna ubakaji, vipigo na mauaji. Asiyetaka kusoma mambo hayo simlaumu hata kidogo, apite tu.

Mara ya kwanza kuitazama A Clockwork Orange ya Stanley Kubrick nilikuwa chuo. Tulikuwa sita kwenye chumba cha hosteli, laptopu imewekwa juu ya ndoo iliyofudikizwa. Hata robo saa haijaisha, wawili wakatoka. Mmoja aliondoka kimya kimya. Wa pili alifika mlangoni akageuka, akatuuliza, "Nyie mnacheka nini?" Na kweli tulikuwa tunacheka. Swali lile limenikaa miaka yote hii, na ndilo lililonifanya nilete mada. Naamini tukilijibu vizuri tutakuwa tumeeleza kwa nini watu wanagombana juu ya filamu hii kwa zaidi ya miaka 50.

Kwa wasioijua. Ni Uingereza ya siku za usoni. Kijana anaitwa Alex, ameigizwa na Malcolm McDowell. Ana genge lake: Pete, Georgie na Dim. Usiku wanakunywa maziwa yaliyotiwa dawa kwenye baa iitwayo Korova, kisha wanatoka kutafuta mtu wa kuumiza. Wanampiga mzee mlevi asiye na makazi. Wanavamia nyumba ya mwandishi mmoja, na Alex anamkata mke wa yule mwandishi nguo kwa mkasi huku akiimba Singin' in the Rain, mume anashikiliwa atazame. Baadaye Alex anaua mwanamke mwingine, wenzake wanamsaliti, anafungwa miaka 14.

Akiwa gerezani anasikia kuna tiba mpya inaitwa Ludovico. Ukikubali kutibiwa, unatoka baada ya wiki mbili. Wanamdunga dawa ya kumtia kichefuchefu, wanamfunga kwenye kiti, wanamshikiza kope kwa vyuma asiweze kufumba macho, halafu wanamwonyesha sinema za ukatili mpaka afike mahali akiwaza tu kuinua ngumi, tumbo linamgeuka. Mojawapo ya sinema zile imewekewa Simfoni ya Tisa ya Beethoven, muziki ambao Alex anaupenda kuliko kitu chochote, basi na wenyewe unageuka sumu. Anaachiliwa. Aliowaumiza wanalipiza mmoja baada ya mwingine, anajirusha dirishani, magazeti yanaipigia serikali kelele, na serikali inamrudisha alivyokuwa. Mwisho kabisa waziri anamlisha kwa uma hospitalini, na Alex anatuambia kwamba amepona.

Sasa hoja yangu. Wengi husema filamu hii inagawa watu kwa sababu ina ukatili mwingi. Sikubali. Damu yenyewe si nyingi, na humu ndani kuna watu wanakula chakula cha usiku huku wanaangalia tamthilia zenye vichwa vinavyokatwa, na hakuna ugomvi. Tatizo ni mahali tulipokalishwa. Sisi tuliokulia vibanda vya video tunajua kanuni tangu utotoni: stering hafi, na adui anajulikana toka mwanzo. Kubrick amekichukua kiti cha stering akamkalisha adui.

Angalieni picha ya kwanza kabisa. Ni uso wa Alex, jicho moja limebandikwa kope bandia, anatutazama sisi bila kupepesa, na kamera inarudi nyuma taratibu kana kwamba inamwogopa. Kuanzia hapo yeye ndiye msimulizi. Anatuita ndugu zake. Muziki wote mzuri ni wake. Genge lake linapopigana na genge lingine ndani ya jumba la maonyesho lililohamwa, inapigwa Rossini, na watu wanarushwa kupitia madirisha na viti kama wacheza ngoma. Ukiwa na sikio, mguu unaanza wenyewe kutikisika. Ndiyo maana tulikuwa tunacheka pale hosteli.

Halafu zamu ya kuumizwa inamfikia yeye, na hapo ngoma inakwisha. Wenzake wa zamani, ambao sasa ni polisi, wanamzamisha kichwa kwenye hori la maji. Kamera imesimama. Haikatwi. Unahesabu pumzi zako mwenyewe. Kwa hiyo maumivu aliyowapa watu tumeyaona kama burudani, na maumivu aliyopewa tumeyaona kama maumivu. Hilo limefanywa kwa makusudi, na hapo ndipo watazamaji wanapoachana njia. Kuna anayesema, "Amenionyesha jinsi ninavyodanganyika kirahisi, huyu ni bingwa." Kuna anayesema, "Amenifanya nimhurumie mbakaji, na simsamehi." Wote wawili wameona kitu kile kile.

Ugomvi huu ulianza wiki ile ile ilipotoka, Desemba 1971 kule New York. Marekani waliipa daraja la X, yaani la watu wazima tu, na bado ikateuliwa kuwania Oscar nne, pamoja na ya filamu bora. Vincent Canby wa New York Times aliisifu sana. Pauline Kael wa The New Yorker aliishukia kama mwewe. Roger Ebert aliipa nyota mbili. Ofisi ya Wakatoliki ya kupima filamu huko Marekani iliiweka kwenye kundi la zilizolaaniwa. Hili huwa linanishangaza, kwa sababu ndani ya filamu anayesimama waziwazi kutetea hiari ya binadamu ni kasisi wa gereza. Wakati wanasiasa wanapiga makofi kwamba Alex amekuwa mwema, kasisi ndiye anayesimama na kusema huyu hana tena uwezo wa kuchagua, na asiyeweza kuchagua huwezi kumwita mwema.

Karibuni. Leteni hoja, matusi hapana.

#2 Mchangiaji

Mkuu umeandika vizuri lakini unaipamba. Ubaya ni ubaya hata ukiuwekea Beethoven. Mimi niliacha pale kwenye mkasi na sijutii. Filamu kama hii kijana akiiona anaiga.

#3 Mleta mada

Mkuu nakuheshimu, na kuacha pale ni haki yako. Kwenye suala la kuiga naomba nieleze kidogo, kwa sababu ndilo lililoifanya filamu hii ipotee nchini ilikotengenezwa.

Uingereza bodi ya ukaguzi iliipitisha bila kukata hata kipande, ikaanza kuonyeshwa Januari 1972. Baadhi ya halmashauri za miji ziliikataa zenyewe. Kisha magazeti yakaanza kuihusisha na kesi za mahakamani. Kesi iliyosikika sana ni ya kijana wa miaka 16 aliyemuua mzee asiye na makazi huko Bletchley. Wakili akaitaja filamu. Lakini kijana yule alikuwa amesimuliwa habari zake na marafiki. Kwa umri wake hata mlangoni asingeruhusiwa. Naliweka hili mezani bila kusema filamu haina athari. Nachosema ni kwamba jina la filamu lilikwisha kuwa kisingizio tayari kwa yeyote aliyetaka kisingizio.

Kubrick alikuwa akiishi Uingereza na familia yake. Vitisho vikaanza kufika nyumbani kwake. Yeye mwenyewe akaomba filamu iondolewe kwenye kumbi za Uingereza, na kampuni ikamkubalia. Watu wengi hadi leo wanasema "serikali iliipiga marufuku". Si kweli. Marufuku ya serikali ilikuwa Ireland. Uingereza ni mwenye mali aliyefunga duka lake mwenyewe, na hakulifungua tena. Ukumbi wa Scala wa London uliionyesha kwa siri, ukashtakiwa, na mwaka 1993 ukafungwa. Waingereza waliirudia kihalali mwaka 2000, baada ya Kubrick kufariki Machi 1999. Robo karne nzima watu walikuwa wanabishana kuhusu kitu ambacho wengi wao hawajakiona. Ugomvi wa namna hiyo haupoi kamwe.

#4 Mchangiaji

Mimi ni mwanamke na naomba niseme kwa upole. Kaka yangu, umeandika aya ndefu juu ya Alex, juu ya Kubrick, juu ya kasisi. Yule mama wa kwenye ile nyumba umempa nusu sentensi. Na filamu nayo ilimfanyia hivyo hivyo. Hilo ndilo linalotugawa.

#5 Mleta mada

Dada, umenigusa mahali penyewe, na nitajibu kwa kisa cha kweli.

Mara ya pili niliitazama nyumbani na dada yangu. Ni mtu wa kukaa kimya kwenye sinema. Ilipoisha akaniuliza swali moja tu: "Yule mama alikufa lini?" Nikamwambia hakufa. Akasema alikufa, maana mume wake anaishi peke yake na yuko kwenye kiti cha magurudumu. Tukarudisha nyuma. Kweli, ipo. Mume anamsimulia Alex, akiwa keshamtambua, kwamba mkewe alifariki miezi kadhaa baada ya uvamizi. Madaktari walisema ni nimonia, kipindi kile kulikuwa na mlipuko wa mafua, lakini yeye anajua kilichomuua ni nini. Maneno machache tu, mdomoni mwa mtu mwingine, mezani, mbele ya sahani ya tambi. Nilikuwa nimeitazama filamu mara mbili na kifo chake kilinipita.

Baada ya hapo nilitafuta kitabu. Kiliandikwa na Anthony Burgess, kikatoka 1962. Hapo ndipo nilipoelewa hasira ya Pauline Kael, ambaye hoja yake kubwa ilikuwa kwamba filamu imewafanya waathirika kuwa watu wa kuchukiza kuliko muuaji. Linganisha mwenyewe. Kwenye kitabu Alex anawachukua wasichana wawili kutoka duka la sahani za santuri, nao ni watoto wa miaka kumi, anawalewesha na kuwabaka. Kwenye filamu ni mabinti wakubwa, wanakwenda kwa hiari yao, na kipande kizima kimeharakishwa kama kichekesho. Kwenye kitabu mwanamke anayeuawa ni bibi kizee na paka zake. Kwenye filamu bado ana paka, lakini ni mwanamke mwenye nguvu, mkali, nyumba imejaa picha za uchi, na anauawa kwa sanamu ya uume. Kwenye kitabu Alex anaua mfungwa mwenzake gerezani. Kwenye filamu haipo kabisa.

Mabadiliko matatu, na yote yanampunguzia Alex mzigo. Mtu akiniambia hayo ni bahati mbaya, siwezi kumkubalia. Kubrick alikuwa mtu wa kurudia sini moja mara nyingi mpaka aridhike. Alijua anachokifanya. Alitaka tumpende kwanza, ndipo aulize kama serikali ina haki ya kumvunja mtu tunayempenda. Na gharama ya swali lake imelipwa na wanawake wa kwenye filamu. Mimi bado nasema ni kazi kubwa. Lakini deni hilo lipo, na shabiki anayelikana simwelewi.

Jambo jingine limeniumiza zaidi. Mwaka 1944, London ikiwa gizani kwa ajili ya vita, mke wa Burgess, Lynne, alivamiwa na wanajeshi wa Kimarekani waliotoroka jeshini. Burgess alikuwa Gibraltar. Alisimulia kwamba mkewe alikuwa mjamzito na mimba ikaharibika. Miaka baadaye ndipo akaandika riwaya ambayo ndani yake genge linavamia nyumba ya mwandishi, na mwandishi yule yuko mezani akiandika kitabu kiitwacho A Clockwork Orange. Yaani alijiweka mwenyewe pale sakafuni akitazama. Kwenye filamu jina la hicho kitabu cha mezani halitajwi.

#6 Mchangiaji

Wakuu mimi nasema ukweli wangu. Mwaka juzi vijana wenye mapanga waliingia kwetu saa nane usiku. Mama yangu ana kovu kutoka kiwiko hadi kifundo cha mkono. Nilipoiona hii filamu, ile tiba niliifurahia. Nilitaka waongeze dozi. Mnaongea hiari, hiari, hiari ya nani? Mama halali mpaka leo.

#7 Mleta mada

Mkuu, pole sana, na umfikishie mama pole yangu. Sitakubishia jinsi ulivyohisi. Nadhani Kubrick naye alijua watakuwepo watazamaji kama wewe, na wana haki zote.

Naomba tu uirudie sini moja, ya waziri alipokwenda gerezani. Anaeleza kwa nini anaitaka ile tiba. Anasema magereza yamejaa, na karibuni nafasi itahitajika kwa wafungwa wa kisiasa. Nilipoisikia vizuri mara ya tatu nilisimamisha picha. Tiba haikuletwa kwa ajili ya walioumizwa. Hakuna daktari, hakuna waziri, hakuna mkuu wa gereza aliyekwenda kwa yule mzee wa barabarani au kwa yule mwandishi kuuliza, "Mnaendeleaje? Mnataka nini?" Kijana anaonyeshwa jukwaani analamba kiatu, wakubwa wanapiga makofi, vitanda vya gereza vinabaki wazi. Mama yako asingepata chochote.

Na bado sitakuambia kwamba kasisi amemaliza mjadala. Kasisi anazungumzia roho ya Alex. Naye hawataji waathirika.

Tukiwa kwenye tiba, niongeze hili kwa wanaodhani yale macho ni ujanja wa kamera. Vile vyuma vilikuwa vya kweli. Yule anayemdondoshea matone alikuwa daktari wa kweli, amewekwa pale ili macho yasikauke. Hata hivyo McDowell alikwaruzwa konea, utando wa mbele wa jicho. Uchungu unaouona usoni mwake si wote wa kuigiza.

#8 Mchangiaji

Nawasalimu kutoka Nairobi. Sijaona mtu ametaja lugha. Mimi nilisoma kitabu kabla ya filamu na kilichonishika ni ile lugha yao, Nadsat. Ni sheng kabisa! Rafiki ni droog, maziwa ni moloko, kitu kizuri ni horrorshow, yote yametolewa kwa Kirusi yakapindwa. Mathe na buda hawaelewi kitu, na karao akija mnaendelea kuongea mbele yake.

#9 Mleta mada

Asante sana, hili nililiacha na ni kosa. Burgess alikuwa mtu wa lugha, aliwahi kufundisha katika nchi ya Malaya, sehemu ya Malaysia ya leo, na Nadsat aliitengeneza neno kwa neno. Uliyesoma kitabu utakubaliana nami: hakuna anayekufundisha, lakini ukifika katikati unaelewa kila kitu. Na kwetu tunajua maana yake. Mtu akishaongea lugha ya kijiweni, keshakuwa wa kijiweni. Kitabu kinakuingiza kwenye genge kupitia ulimi kabla hujaamua kama unataka kuingia. Filamu inafanya hivyo hivyo kwa muziki na kwa sauti ya McDowell.

Kitabu pia kina sura ambayo wengi hawakuijua. Burgess aliandika sura 21, akiichagua namba hiyo kwa sababu 21 ilikuwa umri wa utu uzima. Kwenye sura ya mwisho Alex ana miaka 18, anakutana na Pete ambaye sasa ameoa, anajiona amechoka na fujo, anaanza kuwaza mke na mtoto wa kiume. Toleo la Marekani liliikata, na Kubrick alifuata toleo hilo. Ile sura alipokuja kuiona hakuiamini. Burgess alilalamika kwa miaka mingi, na Marekani ilirudishwa 1986. Kwa hiyo hata kati ya mwandishi na mwongozaji kuna mgawanyiko. Mmoja anaamini kijana kama huyu hukua. Mwingine anatuachia tabasamu lake hospitalini, spika kubwa zinaingizwa chumbani, wapiga picha wanamulika, na waziri amemwekea mkono begani.

Mimi niko na Burgess kwa moyo. Lakini usiku ule ule nikizima taa, ninachokiona ni tabasamu.

#10 Mchangiaji (wa #4)

Kaka nimekusoma #5, nashukuru. Dada yako amesemaje kuhusu huu uzi?

#11 Mleta mada

Dada, nilimtumia kiungo mchana. Amenijibu sasa hivi, naweka hapa kwa ruhusa yake, kwa kifupi.

Anasema nimekosa kitu kikubwa. Alex anapoifikia ile nyumba mara ya pili, amelowa mvua, amepigwa na polisi, kengele ya mlango ni ile ile, inayolia sauti za mwanzo za Simfoni ya Tano. Mwandishi yuko mezani na mashine yake ya chapa, kama mara ya kwanza. Kamera inahama kutoka kwake kwenda upande wa pili wa chumba, kama mara ya kwanza. Ile ya kwanza ilimkuta mke amekaa anasoma, ana nguo nyekundu. Hii ya pili inamkuta mtu wa miraba minne, mlinzi na muuguzi wa mwandishi, amelala kwenye benchi ananyanyua vyuma. Kwenye ukumbi wowote watu huwa wanacheka hapo, kwa sababu hawakumtegemea.

Nimekwenda kuiangalia kabla ya kuandika hapa. Iko hivyo hivyo. Nimeiweka picha ya kwanza na ya pili kwenye madirisha mawili, kamera inapita njia ile ile, kwa mwendo ule ule, hadi pale alipokuwa amekaa.

Na mimi hapo nilicheka, mara zote tatu.